Draiva: anza na kifaa chenye shida, si na tarehe

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayetaka nimsasishie draiva ni hili: kifaa gani kinakusumbua? Akijibu "zote tu, ziwe mpya", sianzi kazi mpaka tumeelewana. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa fulani: kadi ya michoro, spika, Wi-Fi, kamera, printa. Nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, na huko kosa haliishii kwenye programu moja. Linaangusha kompyuta yote. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona hilo. Faili mbovu iliyotumwa kwa draiva ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Safari za ndege zikafutwa, hospitali zikaahirisha huduma, na waliokuwa wakizitumia kompyuta hizo hawakuwa wamebonyeza chochote.

Kwa hiyo draiva inayofanya kazi yake vizuri mimi huiacha. Naigusa pale kifaa kinapokataa kabisa kufanya kazi, kinapofanya kazi kwa kuyumba, mashine inapowekewa Windows upya, au mtengenezaji anapotangaza kuwa draiva yake ina tundu la usalama. Kadi ya michoro kwa mtu wa gemu ina mambo yake, nitayafikia.

Kutambua kifaa chenye shida

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Nazipenda amri za namna hii kwa sababu menyu huhamishwa kila toleo jipya linapotoka, na majina yake hubadilika kufuata lugha ya kompyuta. Amri inabaki ile ile. Litafunguka dirisha la Device Manager lenye orodha ya vifaa vyote.

Kifaa chenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao kina tatizo. Chenye kishale kinachoelekea chini kimezimwa tu: kibofye kulia, ukiwashe, na huenda kazi ikaishia hapo. Kama kina pembetatu, kibofye mara mbili usome maelezo yanayotokea. Humo kuna namba, na namba hiyo ndiyo inayokuambia uelekee wapi. Namba 28 maana yake hakuna draiva iliyosakinishwa. Namba 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Hapo draiva ni mshukiwa mzuri. Namba 22 maana yake kimezimwa, na 45 maana yake hakijachomekwa. Namba 43 ndiyo inayowapotezea watu muda mwingi, kwa sababu inasema kifaa chenyewe ndicho kilichotoa taarifa kwamba hakiko sawa. Kama ni kifaa cha USB, badilisha waya, badilisha tundu, kichomeke kwenye kompyuta nyingine, ndipo uanze kufikiria draiva. Waya uliokatika ndani hautengenezwi na faili lolote.

Lakini usidhani kila kisicho na alama ya njano ni kizima. Fungua sehemu ya kadi za michoro. Ukikuta imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", Windows imeweka draiva ya dharura ili angalau uone kioo. Hakuna alama yoyote ya onyo, ila video zinakatakata, mwanga wa skrini haupungui, na maandishi yanaonekana yamevutwa. Mtu anaweza kukaa na hali hiyo muda mrefu akiamini laptop yake imezeeka, kumbe kinachokosekana ni draiva moja.

Tarehe isikutishe

Ndani ya dirisha la kila kifaa kuna sehemu ya draiva inayoonyesha mtengenezaji, tarehe na namba ya toleo. Hapa ndipo wengi hushtuka. Utakuta tarehe 21 Juni 2006 kwenye kompyuta iliyonunuliwa juzi. Hakuna kilichoharibika. Draiva zinazokuja na Windows yenyewe huwekwa tarehe hiyo kwa makusudi. Draiva mbili zinapokuwa na sifa sawa kwa kifaa kimoja, Windows huchagua yenye tarehe ya karibuni. Kwa hiyo Microsoft huzipa za kwake tarehe ya zamani ili ya mtengenezaji wa kifaa ishinde.

Intel wameenda mbali zaidi. Faili zao za vipande vya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) huandikwa tarehe 18 Julai 1968, siku kampuni yao ilipoanzishwa. Kazi ya faili nyingi kati ya hizo ni kuipa Windows jina sahihi la kipande tu, na tarehe hiyo huzizuia zisiisukume nje draiva iliyo bora kuliko hizo.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba programu za "kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja" sizitaki kwenye mashine ninayoishughulikia. Programu inayokuonyesha orodha nyekundu ya draiva "zilizopitwa na wakati" ni kama muuza dawa asiyekuuliza unaumwa wapi. Nyingi hukudai fedha kwa vitu ambavyo Windows Update hutoa bure, na baadhi huleta draiva ya chipu inayofanana na yako lakini si yako. Kama umeshaweka moja, iondoe.

Jiwekee njia ya kurudi

Fanya mambo mawili kabla ya kusakinisha chochote.

La kwanza ni alama ya kurejesha mfumo (restore point), yaani hali ya sasa ya Windows unayoweza kuirudia. Windows na R, andika systempropertiesprotection, hakikisha ulinzi umewashwa kwa diski C, kisha tengeneza alama mpya na uipe jina linaloeleweka, mfano "kabla ya draiva ya sauti". Mambo yakiharibika, utaifungua kwa amri ya rstrui.

La pili watu wengi hawalijui, na mimi naliona lina thamani kuliko la kwanza: kutoa nakala ya draiva zote zilizomo sasa hivi. Tengeneza folda kwenye flashi au diski nyingine, tuseme D:\draiva. Bonyeza Windows na X, chagua Terminal (dirisha la kuandikia amri) yenye neno Admin, uandike:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Itazipitia draiva zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe na kuziweka kila moja kwenye folda yake. Ukifungua folda mojawapo utakuta faili ya .inf, ambayo ndiyo maelezo ya kifaa na usakinishaji, faili ya .sys ambayo ndiyo draiva yenyewe, na ya .cat yenye saini ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyezichezea. Nakala hii ni mkombozi siku utakapoisafisha laptop na kuweka Windows upya. Badala ya kuanza kusaka draiva ya kila kifaa mtandaoni, unachomeka flashi na kuandika:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Kila ninapopokea mashine ya kufuta na kuanza upya, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kunakili picha na hati za mwenyewe. Picha huwa anazikumbuka. Draiva hakuna anayezikumbuka mpaka Wi-Fi ipotee.

Draiva inatoka wapi

Anza na Windows Update. Zaidi ya masasisho yanayojileta yenyewe, kuna ukurasa wa masasisho ya hiari ambao wengi hawajawahi kuufungua. Windows na R, kisha:

ms-settings:windowsupdate-optionalupdates

Kama kuna draiva inayohusu kifaa chako chenye shida, itie alama hiyo peke yake. Nyingine ziache.

Ukikosa huko, nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptop, na utafute kwa modeli kamili. Andika msinfo32 kwenye kisanduku kile kile cha Windows na R. Modeli utaiona ukurasa wa kwanza, na kwa kompyuta ya mezani utaona pia jina la madabodi. Modeli ya laptop kwa kawaida ina herufi na namba za mwisho ambazo ni muhimu: laptop mbili zenye jina moja la biashara zinaweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi. Kama tovuti inakubali namba ya utambulisho ya laptop (serial number) iliyo kwenye kibandiko cha chini, itumie hiyo, haikosei.

Kwa laptop, naipa tovuti ya mtengenezaji wa laptop nafasi ya mbele kuliko ya mtengenezaji wa chipu, hasa kwa sauti, padi ya kugusa na vitufe vya mwanga. Chipu ya sauti inaweza kuwa ile ile kwenye laptop kumi, lakini kila kiwanda kimeiunganisha na spika na maikrofoni kwa namna yake, na maelezo hayo yamo ndani ya draiva yake. Ukiweka ya jumla, sauti inaweza kutoka ikiwa nyembamba au maikrofoni ikanyamaza. Kwa kompyuta ya mezani ni kinyume: kadi ya michoro ichukulie moja kwa moja NVIDIA, AMD au Intel, na vingine vichukulie kwa mtengenezaji wa madabodi.

Usiandike tu "draiva ya Wi-Fi" kwenye mtambo wa kutafuta halafu ufungue jibu la kwanza. Mara nyingi la kwanza ni tangazo.

Kifaa kisichojulikana jina

Hili nataka tulitazame kwa karibu, kwa sababu ndilo linalowakwamisha watu wengi baada ya kuweka Windows upya. Unafungua Device Manager na kukuta kifaa kimeandikwa tu "Network Controller", pembetatu ya njano, namba 28. Wi-Fi hakuna. Huwezi kuingia mtandaoni kutafuta draiva kwa sababu draiva ya kukuingiza mtandaoni ndiyo inayokosekana.

Kibofye mara mbili, nenda sehemu ya "Details", na kwenye orodha inayoshuka chagua "Hardware Ids". Utaona mstari unaoanza hivi:

PCI\VEN_10EC&DEV_C821

Herufi nne baada ya VEN ni utambulisho wa kampuni, na nne baada ya DEV ni chipu yenyewe. 10EC ni Realtek, na C821 ya kwao ni kadi ya Wi-Fi ya RTL8821CE. Kwa hiyo husemi tena "sijui kadi gani". Unajua jina na namba yake. 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros. Kifaa cha USB kitaonyesha VID na PID badala ya VEN na DEV, ila mantiki ni ile ile. Kwenye mistari ya juu ya orodha hiyo kuna pia SUBSYS, inayoonyesha kiwanda kilichoifunga chipu hiyo kwenye bidhaa yake. Mstari wote unaweza kuunakili na kuupeleka kwenye kompyuta nyingine ukatafutie huko.

Na kuhusu intaneti: chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu na uwashe kushiriki intaneti kupitia USB. Windows tayari ina draiva ya kuitambua simu kwa njia hiyo, kwa hiyo kompyuta inaingia mtandaoni papo hapo bila kadi ya Wi-Fi. Simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, hata bando lako haliguswi. Acha Windows Update ifanye kazi yake, na mara nyingi pembetatu ya njano itaondoka yenyewe.

Kusakinisha

Chomeka chaja. Funga programu nyingine. Kama ulichopakua ni faili ya .exe, ifungue na ufuate maelekezo. Kama ni faili ya zip yenye .inf ndani, ifumue kwanza, rudi Device Manager, bofya kulia kifaa, chagua "Update driver", kisha chaguo la pili, lile la kutafuta ndani ya kompyuta yako, na uonyeshe folda uliyofumua. Chaguo la kwanza, la kutafuta kiotomatiki, lina udhaifu wake: likikuambia kwamba draiva bora tayari imesakinishwa, maana yake ni kwamba kompyuta haikuona nyingine huko ilikotafuta. Tovuti ya mtengenezaji inaweza kuwa na mpya zaidi.

Wakati wa draiva ya michoro, skrini itazima na kuwaka, pengine zaidi ya mara moja. Vumilia. Usishikilie kitufe cha kuzimia.

Ukimaliza, washa kompyuta upya hata kama haijakuomba, na utumie "Restart", si "Shut down". Kompyuta nyingi za Windows zimewekewa uwashaji wa haraka: unapozima, mfumo huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski na kuirudisha hivyo hivyo asubuhi. "Restart" ndiyo inayopakia kila kitu upya. Mtu anayesema "nimezima na kuwasha na bado", mara nyingi hajaiwasha upya kwa maana hii.

Kisha hakiki. Namba ya toleo kwenye sehemu ya draiva imebadilika? Kifaa kinafanya ile kazi iliyokuwa inakataa? Mimi huongeza jaribio moja ambalo wengi hulisahau: laza kompyuta usingizini, iamshe, uone kama Wi-Fi, sauti na padi ya kugusa vimerudi. Draiva mbovu hujificha hapo. Zikiwa zimewashwa zinakwenda vizuri, shida inatokea kompyuta inapoamka.

Kadi ya michoro

Hii ndiyo draiva pekee ambayo kuisasisha mara kwa mara kuna faida ya wazi, kwa anayecheza gemu mpya au anayehariri video, kwa kuwa watengenezaji huirekebisha kwa ajili ya gemu na programu zinapotoka. Kama kazi yako ni hati, barua pepe na filamu, draiva tulivu uliyonayo inatosha.

Skrini ikiganda ghafla, jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: draiva ya michoro huwashwa upya bila kufunga kazi zako. Skrini ya bluu ikitaja nvlddmkm.sys, hiyo ni draiva ya NVIDIA, igdkmd64.sys ni ya Intel, amdkmdag.sys ni ya AMD. Jina la faili kwenye skrini ya bluu lipige picha kwa simu kabla halijapotea. Ni ushahidi bora kuliko maelezo yoyote utakayompa fundi.

Ikiharibika

Rudi Device Manager, bofya kifaa mara mbili, na kwenye sehemu ya draiva bonyeza "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa na rangi ya kijivu, Windows haina ya zamani ya kurudishia, na hapo ndipo nakala yako ya pnputil inapofanya kazi.

Kama kompyuta inaishia kwenye skrini ya kuingilia, shikilia Shift huku ukibonyeza "Restart" kwenye alama ya kuzimia, ufuate njia ya kutatua matatizo mpaka mipangilio ya uwashaji, na mwisho ubonyeze 4 kuingia hali salama. Huko Windows hupakia draiva za lazima tu, kwa hiyo unaweza kuiondoa ile mbovu kwa utulivu.

Wakati mwingine unarudisha ya zamani, na baada ya siku chache Windows Update inakuletea tena ile ile mbovu. Andika sysdm.cpl, nenda sehemu ya vifaa, fungua mipangilio ya usakinishaji wa vifaa, na ukatae ipakue yenyewe. Ukishapata toleo zuri, irudishe ilivyokuwa.

Ukikutana na namba 52, saini ya draiva haijathibitishwa. Utaona ushauri mwingi wa kuzima ukaguzi wa saini. Usizime. Ukaguzi huo ndio unaozuia mtu mwenye nia mbaya asiingize programu yake kwenye kiini cha mfumo wako, na draiva halali ya kifaa cha kawaida haikulazimishi kuuzima. Tafuta toleo lenye saini.

BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, si draiva, ingawa tovuti za watengenezaji huziweka kwenye ukurasa mmoja. Isasishe tu ikiwa maelezo ya toleo jipya yanataja tatizo lako au tundu la usalama, chaja ikiwa imechomekwa, na uwe umeshahifadhi ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski) nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu baada ya mabadiliko hayo mashine inaweza kuuomba kabla ya kukufungulia diski.

Kifaa cha zamani, Windows mpya

Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wamehamia Windows 11 wakiwa na printa na skana za miaka mingi. Usikitupe kifaa kwa sababu tu tovuti haina ukurasa wa Windows 11. Draiva ya Windows 10 ya biti 64 kwa kawaida hukubali. Ya biti 32 haitakubali hata ufanyeje, kwa kuwa Windows 11 haina toleo la biti 32. Na kama kompyuta yako mpya ina prosesa ya ARM (aina tofauti na zile za kawaida za Intel na AMD), unahitaji draiva iliyoandikwa kwa ARM64. Programu za kawaida kompyuta hiyo huweza kuziiga na kuziendesha, lakini draiva za kiini haiwezi, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kununua, hasa kama una kifaa cha kazini usichoweza kukiacha.

Kwa printa ya mtandao kuna njia nyepesi zaidi. Printa nyingi za miaka ya karibuni huelewa IPP, utaratibu wa uchapishaji ambao Windows inaujua bila draiva ya mtengenezaji. Iunganishe printa na Wi-Fi ile ile ya kompyuta, fungua ms-settings:printers, ongeza printa, na uchape ukurasa wa majaribio kabla ya kupakua kifurushi chochote kikubwa cha mtengenezaji. Ukurasa ukitoka safi, hakuna draiva ya kutafuta.